Sista Anyesi na Namba Iliyosomwa Mara Mbili

Sista Anyesi Bartolomayo, mtaalamu wa dawa za usingizi wa hospitali yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 akiwa ametimiza miaka thelathini na minne kazini. Aliripoti tarehe 1 Julai 1991 akitokea Kongwa na sanduku moja la bati, akapangiwa wodi ya wanaume.

Mwaka 1998 alikwenda kusomea usingizi. Aliporudi aliingia chumba cha upasuaji na hakutoka tena, isipokuwa kwa likizo, na mbili kati ya hizo alizikatisha mwenyewe. Amefundisha wataalamu tisa. Kwa haki, iandikwe pia kwamba hajawahi kurudisha kalamu ya mtu.

Upasuaji wa kifua ulianza hapa mwaka 2016. Kwa wasomaji wa idara nyingine, kazi yake ilikuwa hivi. Daktari anapofungua kifua, pafu moja hupumzishwa ili apate nafasi, na la pili hupumua kwa niaba ya yote mawili. Mgonjwa huwekewa mrija wenye njia mbili, kila njia na pafu lake. Mrija una namba za sentimita, na ile inayoangukia kwenye meno huandikwa. Kisha mgonjwa hugeuzwa alale ubavu, na hapo ndipo mrija hupenda kuteleza. Ukiteleza upana wa kidole tu, mgonjwa anaweza kukosa hewa.

Siku moja mwaka 2017 Sista Anyesi alisahau miwani nyumbani kwake Nzuguni. Akamwomba Joha, mhudumu anayesaidia kugeuza wagonjwa, amsomee namba. Kesho yake miwani ilikuja, lakini Joha aliendelea kusoma: mara moja kabla ya kugeuza, mara moja baada ya kugeuza. Tulidhani miwani imeharibika. Sista alieleza kwamba aliyeweka mrija hutamani kuuona pale alipouweka. Asiyeuweka husoma kilichopo. Tangu hapo kisu hakikugusa ngozi kabla Joha hajasoma mara ya pili. Dk. Aamir, daktari wetu wa upasuaji, aliuita muda huo sala ya Joha, na aliitikia amina kwa sauti.

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, nimeiandika kwa kirefu katika daftari langu. Mgonjwa alikuwa Gideoni, mfugaji wa Kongwa, mwenye usaha katika pafu la kulia. Kabla ya kugeuzwa, Joha alisoma ishirini na tisa. Baada ya kugeuzwa akasoma ishirini na saba. Sista, aliyekuwa ameweka mrija na kuridhika nao dakika chache nyuma, alijibu bila kutazama kwamba ni ishirini na tisa. Dk. Aamir alikwisha kushika kisu. Akatania, “Joha, amina ilishapita, mama.”

Joha alikuwa mhudumu wa mkataba, mbele ya wakubwa wawili. Alisema, “Shikamoo Sista. Ila ni ishirini na saba.”

Sista akageuka, akatazama. Ilikuwa ishirini na saba. Kipimo cha oksijeni nacho kilianza kushuka: tisini, themanini na sita, themanini na moja. Akaagiza kisu kiwekwe chini. Alitoa hewa kwenye puto dogo linaloshikilia mrija, akausogeza mrija ndani sentimita mbili, akajaza puto, akasikiliza kifua pande zote. Kwa saa ya ukutani, zilipita dakika tatu na nusu mpaka kipimo kikafika tisini na sita. Upasuaji ukaendelea na kuisha salama.

Jumatatu iliyofuata, katika kikao cha asubuhi, alisimama akasema kosa lilikuwa lake, na kwamba Joha alisoma sawasawa. Akaketi.

Mwezi Agosti Gideoni alirudi na jogoo kwa ajili ya aliyemponya. Dk. Aamir alimwelekeza kwa Sista, Sista akamwelekeza kwa Joha. Jogoo alishinda amefungwa kwenye mguu wa benchi la mapokezi, akiwika kila jina lilipoitwa, hadi Joha alipotoka zamu.

Alhamisi, tarehe 19 Juni mwaka huu, ulikuwa upasuaji wake wa mwisho wa kifua. Mrija aliuweka Denis, anayeshika nafasi yake. Joha alikuwa likizo, hivyo Sista Anyesi alisimama mahali pa Joha. Akasoma ishirini na nane. Mgonjwa akageuzwa. Akasoma tena ishirini na nane. Kwa uzoefu wake angeweza kuongeza ushauri; hakuongeza. Denis alitazama mwenyewe, akasikiliza, ndipo akamruhusu daktari aanze. Dk. Aamir aliitikia amina, safari hii kwa sauti ya chini.

Sista Anyesi, wenzako tunakushukuru kwa pumzi ulizotulindia, na kwa kutuzoesha kusikia namba tusiyoitaka. Uwe na siku nyingi na njema huko Nzuguni, na mapafu yako yote mawili yafanye kazi bila kusimamiwa. Kalamu baki nazo.