Fundi wa Kwenye Simu

Treni ilikuwa imeshashika kasi pale mama muuza vitambaa alipomuuliza jirani yake, dereva mstaafu, kwa nini ameikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa na kisirani tangu afiwe na mkewe, lakini hapo hakusubiri kubembelezwa.

"Sauti ya mke wangu imo humu, anaimba jikoni. Kuna kijana kanipigia, eti fundi wa kampuni, mashine ina virusi, nimfungulie. Nikamfungulia. Kaifunga, haifunguki tena."

"Jamani, baba! Mtu humjui, unampa ufunguo wa nyumba?"

"Ningeipeleka kwa nani? Zamani kulikuwa na lile duka kubwa la vifaa vya umeme. Binti wa kaunta anaifungua mbele ya macho yako. Wakubwa wakalibana kwa kodi mpaka likafa. Wao shida ya fundi wataijulia wapi?"

"Lile duka la bei za kuua mtu?" Mama akacheka. "Mie nilikuwa naingia kupigwa na kipupwe cha kiyoyozi tu."

"Na sisi. Mke wangu alibonyeza mashine za kufulia zote, hakununua hata moja."

Mama akashusha sauti. "Lakini baba, huyo tapeli hukumshtukia?"

"Nilimshtukia mapema. Ila aliniuliza, 'Mama hajambo?' Tangu nimzike, hakuna aliyeniuliza habari zake. Nikamsimulia, naye akasikiliza."

Treni ikapunguza mwendo. Mama akainuka. "Akipiga tena, mkatie!"

"Hapigi," mzee akasema, akiitazama simu, na milango ikafunguka.