Mimi Mwenyewe Nimo Humu

Sogeeni karibu, ndugu zangu, maana sauti yangu haifiki mbali kama zamani. Wewe uliyesimama pale mlangoni, ingia ukae. Nimeona umekuja na mama yako, na maneno haya ni yako kuliko ya wengine. Nitasema polepole. Majina ya watu nitayaacha, ila mambo yenyewe sitayapunguza.

Kabla ya kuhamia kijiji hiki nilikuwa mrina asali. Mizinga yangu ya magome ilitundikwa porini, na mke wangu amezikwa nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Lilipokuja agizo la serikali la kuishi pamoja vijijini, lori lilitupakia sisi, kuku na vinu. Sikisemi vibaya kijiji. Shule tumeipata, maji tumeyapata. Nasema tu kwamba kaburi halipakiwi kwenye lori.

Kwanza niliacha kulala. Kisha chakula kikawa kama udongo mdomoni. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akiniletea matobolwa, vile viazi vikavu ninavyovipenda tangu utoto, nilivitazama tu mpaka akaja kuviondoa. Asubuhi nikifumbua macho nilisikitika kwamba nimeamka. Sitawaficha: nilitamani kufa. Siku moja nikashika njia ya porini, nikakae chini ya mizinga yangu, nisirudi. Watu wa nyumbani wakanikuta njiani, viatu sina. Wakasema, "Baba kaanza kupotea." Toka siku hiyo mlango wangu ukafungwa kwa kamba, upande wa nje.

Mwanangu hakuwa mtu mbaya, mnielewe. Alinipeleka zahanati. Goti langu lilikuwa linagusa meza ya mganga, lakini mganga alimtazama mwanangu.

"Mzee ana umri gani?"

Akajibiwa.

"Anakula?"

"Hali."

"Analala?"

"Halali."

"Huo ni uzee, na uzee hauna dawa. Mrudishe nyumbani akapumzike."

Nyuma yetu alikuwepo kijana. Hali kama mimi, halali kama mimi, analia kama mimi. Yeye aliulizwa jina lake, akaulizwa kimempata nini, akapelekwa hospitali ya mjini. Nilimsikia mganga akisema, "Huyu tumuwahi, bado ana maisha mbele." Ndugu zangu, sikumwonea wivu yule kijana. Alistahili. Lakini haya maisha yangu, hata kama yamebaki kidogo, nani kaamua kuyatupa?

Nikaacha kusema. Watu wakikuzungumzia mbele yako kama ng'ombe mgonjwa, ulimi unakosa kazi. Walipanga nani atachimba kaburi langu, na mimi nawasikia. Hata shikamoo zikakatika. Nani anamwamkia mtu aliyekwisha kuondoka? Mwishowe mwanangu akatuma habari Tura, kwa mtani wetu Mgogo, kwamba baba yuko njiani kuiaga dunia.

Kwa wageni niwaeleze kidogo. Babu zetu Wanyamwezi walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani, walipita Ugogo, nchi ya ukame, na huko ndiko tulikopatia watani. Msiba ukitokea, mtani huja kumcheka marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Basi mtani wetu huyo, mwanamke mzee kama mimi, akashuka kwenye treni akiamini nimeshakufa. Akajipaka majivu usoni, akajifunga gunia kiunoni, akaingia uani kwa kelele: "Nitoleeni Mnyamwezi wangu! Kafa na mzinga wangu wa asali! Ruhusa kampa nani?" Akaifungua kamba, akasukuma mlango, akanikuta nimekaa kitandani.

"Kumbe mzima! Na nauli yangu je?"

Akanisogelea, majivu yake yale usoni.

"Babu yako alifikisha pembe Bagamoyo. Wewe mpagazi gani, unatua mzigo na kambi haijaonekana?"

Kitu kikanipanda kifuani. Nikasema, na sauti inakwaruza: "Kaa usubiri nife. Nyie Wagogo mmezoea kusubiri mvua."

Huko nje mkwe wangu aliangusha sufuria. Mtani akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye majivu. Halafu akaketi mkekani, akaniuliza kwa upole swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwenzangu, unaumwa nini?"

Nikamwambia yote: kaburi, mizinga, zile asubuhi. Nikalia. Mwanangu alikuwa mlangoni anasikia. Akaiokota ile kamba, akaitupa motoni.

Msidhani nilipona siku hiyo. Nilikuwa bado shimoni. Ila sasa kulikuwa na mtu anayejua kwamba nimo. Mtani akatusindikiza hospitali ya mjini. Daktari naye akamgeukia yeye: "Mzee ana umri gani?"

"Mimi si mdomo wake," mtani akasema. "Mwenyewe yumo humo ndani. Bisha hodi."

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Shikamoo, mzee. Umepatwa na nini?"

Marahaba ile ilinitoka na machozi.

Akaniambia kuwa haya ni maradhi ya huzuni, na yanatibika hata kwa mtu wa umri wangu. Vidonge vilichelewa kunisaidia, nikakaribia kuviacha. Mwanangu akanipeleka kwenye kaburi la mama yake, tukalifyeka. Hata leo zipo asubuhi ngumu. Lakini sasa nikiulizwa nimeamkaje, nasema, na ninasikilizwa.

Namshukuru mtani wangu, ambaye bado anadai nauli. Namshukuru mwanangu aliyeichoma kamba, mkwe wangu aliyeendelea kuniletea viazi, na daktari aliyekubali kukosolewa na mwanamke mwenye gunia kiunoni. Yule mganga wa zahanati sina kisasi naye; natamani tu angenitazama.

Nanyi mnaowauguza wazee, nawaachia kazi moja. Ukimpeleka mzee wako kutibiwa, mkalishe yeye kwenye kiti kilicho karibu na daktari. Swali likiulizwa, nyamaza, umngoje ajibu mwenyewe.