Saini Aliyoikataa Recho Evaristo

Ndugu waombolezaji, mliokuja kutoka Bweni kwa barabara ile mbovu na mliovuka kutoka Chole, tunaomba utulivu wa dakika nne, maana maisha ya marehemu Recho Evaristo Rwechungura yamepangwa hapa kwa tarehe, na hakuna tarehe iliyofichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Muleba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Evaristo, mpimaji ardhi mstaafu, na Mama Laurencia, akaletwa Kilindoni mwaka 1991, akasoma hapa hapa msingi na sekondari, akahitimu stashahada ya mitandao ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2009, kisha akarudi Mafia kwa hiari yake, ilhali wenzake kumi na wanane wa darasa lile walibaki mjini.

Tarehe 21 Septemba 2013 alifunga ndoa na Mwalimu Mathias, wakajaliwa watoto wawili, Careen na Rabson.

Alifunga vifaa vya kusambaza waifai katika ofisi tisa za kisiwa hiki, na mwaka 2021 akaajiriwa na kampuni moja ya kununua mwani. Juzi uongozi wa kampuni hiyo uliiomba familia, kwa upole, iruke aya inayofuata, na familia imekataa.

Mafundi walioletwa kutoka nje walifunga vifaa vinne darini mwa ghala na kuupima mtandao ghala likiwa tupu, na tarehe 9 Februari 2022 Recho akatakiwa kusaini hati ya makabidhiano, akakataa, akieleza kwamba mwani wenye unyevu na chumvi hunywa mawimbi ya waifai, hivyo ghala lipimwe likiwa limejaa. Meneja alimwambia, "Wewe binti, ramani ya mtandao kwenye kompyuta yote ni ya kijani, unataka rangi gani tena?" Akapewa barua ya onyo kwa ukaidi, akahamishiwa mapokezi kwa siku arobaini na moja.

Tarehe 22 Machi magunia 1,860 yalikuwa ndani, na kuanzia safu ya tatu skana za makarani za kusajili magunia zikakosa mtandao, zikawa bubu. Recho aliitwa, akatembea safu kwa safu akiandika vipimo sakafuni kwa chaki, akavishusha vifaa vile hadi kwenye njia za katikati, akaongeza vitatu, na vyote saba vinafanya kazi hadi asubuhi ya leo.

Aliugua figo tangu Agosti 2024, akafariki tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 39, miezi miwili na siku 26.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji, na wafanyakazi wenzake, hasa Bi Kijakazi, karani wa ghala aliyempa chaki ile.

Barua ya onyo haijafutwa. Hatuiziki leo, Mzee Evaristo ameitia fremu, itakaa sebuleni kando ya cheti cha stashahada cha Recho. Recho, kazi yako ilipimwa ghala likiwa limejaa. Pumzika kwa amani.