Fundi Pimamaji na Ngazi Hamsini na Nne

Marehemu baba yetu, fundi wa vigae aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Pimamaji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha akasoma miaka miwili katika chuo cha ufundi.

Kwa nusu karne alitandika vigae katika shule, hospitali na mabafu ya watu. Pimamaji yake, kifaa cha kupimia usawa, hakuiacha nyumbani hata siku alipokwenda kuposa. Aliiweka juu ya meza kabla ya kuketi.

"Mzee, meza yenu imeinamia kushoto."

"Umekuja kuoa au kukagua?" aliuliza baba wa binti.

Walifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1976.

Mwaka 2016 mama alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne, bila lifti. Watoto walitaka kuwahamisha. Mama alikataa katakata: "Sishuki. Hapa ndipo kwangu." Baba akasema atamhudumia mwenyewe.

Lakini gegedu la magoti yake, ule mto laini kati ya mifupa, lilikuwa limelika. Kufikia 2019 alipanda ngazi hizo kwa dakika ishirini, akikaa njiani mara tatu. Mwezi Juni daktari wa mifupa alimpasua goti la kulia kwa matundu mawili, kila moja dogo kuliko kifungo cha shati, akaondoa vipande vya gegedu vilivyokatika na kukwama ndani. Zingefuata sindano tatu za kulainisha kiungo, moja kila wiki.

"Goti jipya sikupi, mzee," daktari alimwambia. "Nakupunguzia maumivu tu."

"Ngazi nitapanda?"

"Huenda. Ila kazi ya kupiga magoti, basi."

Baada ya sindano ya pili alijiona mzima. Binti yake, muuguzi, alimkuta amepiga magoti bafuni kwa jirani.

"Baba!"

"Vigae vinne tu, mama."

Goti lilivimba. Daktari alilitoa maji na kuahirisha sindano ya tatu. Kwa siku thelathini na moja baba alilala kwa binti yake, mama akiangaliwa na majirani. Hawakuwahi kutengana muda mrefu hivyo. Aliporudi, aliwagawia mafundi wenzake vifaa vyote, pimamaji ikiwemo. Hakupiga magoti kazini tena. Ngazi alizipanda kila siku, zaidi ya miaka mitano, mkono mmoja ukishika ukuta.

Alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025 moyo wake ulisimama, akiwa kitandani kando ya mkewe. Alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Mama aliombwa abaki nyumbani leo tunapomzika. Alikataa, wanawe wamemshusha kwa kiti, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Miaka yote amepanda kwa ajili yangu," alisema. "Leo nashuka mimi."

Apumzike fundi wetu kwa amani. Kazi yake tumeipokea.