Hapa Paliitwaje Kabla ya Kariakoo

Benchi la Mangi lipo nje ya duka lake la vitasa na bawaba, Kariakoo upande wa Gerezani, mahali ambapo mikokoteni na pikipiki hupita zikikwangua magoti ya watu. Ni ubao mmoja mnene wa zamani, umelainika kwa kukaliwa. Kila asubuhi wanakaa watatu. Wa kwanza ni Mangi mwenyewe, ambaye kanisani na kwenye leseni ya biashara anaitwa Leodegar. Wa pili ni Mita, yaani mzee Jayant, aliyeuza vitambaa maisha yake yote na mpaka leo akikusimulia jambo hulipima kwa mkono, kuanzia puani hadi ncha ya vidole. Wa tatu ni Bunge, yaani Ansbert, dalali wa fremu za maduka, mtu ambaye akishika hoja hajazaliwa spika wa kumkalisha. Kahawa huletwa na Birika, na jina lake mnaliona lilikotoka. Benchi lina kanuni moja, nayo haijaandikwa popote: anayesema "sijui" analipa kahawa ya wote. Kwa sababu ya kanuni hiyo, hakuna jambo duniani lisilojulikana pale.

Asubuhi hiyo Mangi alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa kwenye simu. Hakungoja hata kikombe cha kwanza kijae.

— Jamani, tulieni. Mwanangu Caroline kaniletea swali kutoka Australia. Nataka jibu kabla hajalala, na kule saa hizi ni jioni.

— Weka sauti, alisema Bunge, akikunja mikono ya shati kama mtu anayeingia kazini.

Mangi akabonyeza. Sauti ya Caroline ikatoka, ya haraka na yenye kicheko ndani yake:

"Shikamoo baba. Kesho asubuhi ni zamu yangu kufungua kikao kazini. Nilikwambia, huku mtu anaanza kwa kutaja wenyeji wa asili wa ardhi tuliyokaa. Sasa safari hii wameniomba nitaje na jina la asili la kwetu, na maana yake. Nitataja Kariakoo. Baba, kabla hapajaitwa Kariakoo, hapo paliitwaje?"

Mangi akazima simu na kuiweka mfukoni taratibu. Alikuwa ameshaisikiliza mara nyingi tangu alfajiri. Mara ya kwanza ilimchoma, kwa sababu mtoto alisema "kwetu" na hakumaanisha Rombo, Uchagani kwa mababu. Rombo angeuliza chochote! Mangi angemtajia kila kihamba na migomba yake, mfereji kwa mfereji, na ukoo uliouchimba kila mmoja. Lakini mara ya pili aliposikiliza, alifurahi waziwazi. Miaka mingi sasa Caroline akipiga simu ni kumwagiza: baba kunywa maji, baba meza dawa, baba tembea. Maswali yake yote anauliza mitandao. Leo kapata swali moja lililoishinda mitandao, akamkumbuka baba yake. Mangi alimjibu palepale: usijali mwanangu, nakuletea. Na mtu ukishamwahidi mtoto wako, huwezi kumrudia mikono mitupu.

— Yaani hilo tu? alisema Mita. Mzizima. Andika, tuma, tunywe kahawa.

— Mzizima siyo hapa, mzee, alidakia Bunge. Mzizima ni kijiji cha zamani kule ufukweni. Wewe unamtuma mtoto wa watu akaseme uongo mbele ya Wazungu.

— Mji ni mmoja.

— Mji mmoja, majina mengi. Ukipotea Magomeni utasema upo Magogoni?

Mita akasogeza kikombe chake kwa Birika, maana hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Birika akamimina.

— Kwanza huko kwao wanapaitaje? Bunge aliuliza. Tupate mfano.

Mangi akaweka kikombe chini. Hapa alikuwa na uhakika, kwa sababu Caroline alishamweleza.

— Anakaa Parramatta, kando ya Sydney. Maana yake, wanasema, ni mahali walipo mikunga.

— Wakunga wa kuzalisha?

— Mikunga! Wale samaki warefu kama nyoka. Na kuna mji mwingine unaitwa Wagga Wagga. Wageni walipofika waliandika kwamba maana yake ni kunguru wengi.

— Basi hiyo ndiyo Kariakoo! Bunge alipiga goti. Umefika nyumbani, Mangi! Tazama juu ya waya pale.

— Ngoja nimalize. Miaka na miaka watu wakashika kunguru, kunguru. Mpaka wenyewe wa ile ardhi wakasema, hapana bwana, lile jina ni la ngoma. Watu wanacheza, wanasherehekea. Halmashauri ya mji ikakubali kwamba ilikosea.

— Aisee, alisema Mita polepole. Kunguru mpaka ngoma. Hiyo si mita moja, hiyo ni jora zima.

Wakacheka. Lakini Mangi hakucheka sana, kwa kuwa saa ya Sydney ilikuwa inakimbia.

— Sasa hapa, alisema. Hapa penyewe, chini ya matako yetu. Paliitwaje?

Bunge akakohoa. Mtu yeyote aliyekaa naye anajua kikohozi kile, ni cha kufungua kikao.

— Hapa paliitwa Matembo.

— Acha kamba, alisema Mita.

— Kamba gani? Tembo walikuwa wanatoka Pugu kwa foleni, wanashuka kuoga Msimbazi, wanapita hapa hapa. Hii mitaa mnayoiona imenyooka, mnadhani aliinyoosha mkoloni? Ni njia za tembo. Tembo hapindi kona.

— Na msikiti na maduka yalijengwa katikati ya tembo?

— Tembo walihama wenyewe. Waliona kodi ya fremu imepanda.

Mita akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

— Ansbert, wewe umezoea kuuza chumba ambacho hujakiona. Babu yangu alifika hapa akiwa na bando la kaniki begani. Alisema hapa palikuwa na kisima, na mahali pakaitwa kwa jina la kisima. Maji yake, ukinywa, huwezi kupunja. Mkono unakataa wenyewe kwenye rula.

— Ndiyo maana mkakifukia!

Hata Birika alicheka hiyo, akamwaga kahawa kidogo kwenye kiatu chake. Mita naye alicheka, lakini hakuachia.

— Chekeni tu. Jina la kisima lilikuwa Haki. Hapa paliitwa Kisima cha Haki.

— Hilo jina la shule ya msingi, alisema Mangi.

— Basi twende kwa ushahidi, Bunge alisema, akasimama kabisa. Jangwani ni hapo chini. Jangwa maana yake pakavu. Sasa kila masika Jangwani pamejaa maji, magari yanaogelea. Kwa nini? Kwa sababu mabango yalichanganywa! Jina la kule liliwekwa huku, la huku likawekwa kule. Hapa tulipokaa ndipo Jangwani halisi. Na jina halisi la hapa limechukuliwa na watu wengine, wanalitumia bila kibali.

— Wamelipeleka wapi?

— Buguruni, alisema Bunge bila kupepesa. Mnawaona walivyochangamka.

Hapo Mangi akaanza kuchoka. Siku nyingine angewatia kuni, na yeye angeongeza la kwake, labda mfalme wa Kichaga aliyeteremka na kibuyu cha mbege akapapenda. Leo hakuthubutu. Alimwona Caroline amesimama mbele ya watu wazima na suti zao, anasema kwa sauti ile ya uhakika aliyoirithi kwake: nyumbani kwetu paliitwa Matembo, baba yangu kaniambia.

— Jamani, alisema, mtoto ataaibika. Nataka kitu cha kweli.

— Yote ni kweli, alisema Bunge. Chagua.

Ndipo akaja mteja. Kijana mmoja, shati lina vumbi la mbao, rula ya seremala imechungulia mfukoni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Nahitaji bawaba za milango, zile nzito. Naitwa Ismail, nimeelekezwa hapa.

— Ismail wa wapi? Bunge alirukia kabla Mangi hajanyanyuka.

— Kisarawe.

— Kabila?

— Mzaramo.

Bunge akamshika mkono na kumkalisha kwenye benchi kama bibi harusi.

— Mwenyewe kafika! Mpe kahawa, Birika. Haya mjukuu wa wenyewe, tuambie. Hapa tulipo, kabla ya Kariakoo, paliitwaje na maana yake nini?

Ismail akawatazama mmoja mmoja, akidhani labda anatapeliwa.

— Mimi nimefuata bawaba, wazee. Kwetu ni Kisarawe, ukiniuliza ya kule nitakupa. Ya hapa wangewaambia wa hapa.

— Sisi ndio wa hapa, alisema Mita.

— Samahani mzee. Nilimaanisha mliowakuta.

Mangi akamweleza kisa chote, simu, binti, kikao cha kesho. Ismail alisikiliza vizuri, kahawa mkononi, kisha akainua macho kulitazama ghorofa lililo nyuma yao.

— Hili jengo, mzee, ulijenga kwenye kiwanja kitupu?

— Hapana. Palikuwa na nyumba ya Kiswahili, ya udongo na mabati. Nilipokuja mjini nilipanga chumba cha mbele. Baadaye mwenyewe akaamua kuuza, nikanunua. Tulikubaliana vizuri, hakuna aliyelalamika.

— Mwenyewe nani?

— Bi Sabaha.

Alipolitamka jina, Mangi alimwona. Mwanamke mrefu, anasuka ukili barazani, vidole vinakwenda huku macho yako barabarani. Caroline mdogo alikuwa hamtoki miguuni. Bi Sabaha alikuwa akianza hadithi zake kwa maneno, "hapa zamani, mama yangu akiwa mwari," na Mangi alikuwa akipita na katoni ya misumari begani, akisema, nakuja bibi, nakuja kusikiliza. Hata hili benchi lilikuwa lake. Siku ya kuhama kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilijaa, akasema, hili liacheni, watu watakaa.

— Alizaliwa hapa? Ismail aliuliza.

— Hapa hapa. Na mama yake pia.

— Sasa wazee, kwa nini mnahangaika? Si mumuulize yeye? Alihamia wapi?

Lilikuwa swali dogo. Mkokoteni ukapita, mtu akapiga kelele ya kuomba njia, ukaenda zake.

— Mbagala, alisema Mita.

— Mbagala ipi?

Mita akanyoosha mkono kupima kitu, akaushusha.

— Chanika, alisema Bunge. Kwa binti yake. Au mpwa wake. Yule... alikuwa na mpwa, Mangi?

Mangi akapitisha kiganja juu ya ubao wa benchi. Kahawa yao wote ilikuwa inapoa. Alikaa pale na kukumbuka siku ya kirikuu, godoro juu, mikeka imekunjwa, na yeye yuko ndani ya duka anapokea mzigo. Alipunga mkono tu. Alijua atamwona tena, kwa nini asimwone, mji si ni huu huu? Aliumia, na safari hii maumivu hayakuwa ya Caroline kusema "kwetu". Mtoto alikuwa sawa. Ni yeye aliyekaa hapa maisha yake yote kama mpangaji.

— Sijui, alisema Mangi.

Neno hilo lilikuwa halijasikika kwenye benchi lile kwa muda mrefu kiasi kwamba Bunge alifungua kinywa kudai kahawa, kisha akakifunga. Birika akainamisha birika lake juu ya kikombe. Yakatoka matone, na baada yake mashapo meusi.

— Imeisha, alisema.

Mangi akatoa simu, akaiweka karibu na mdomo. Alirekodi mbele yao wote, hakujificha.

— Caroline mwanangu. Jina la hapa silijui. Nimewauliza wazee wenzangu, wamenipa matembo na visima, usiyaseme hayo. Aliyekuwa analijua ni Bi Sabaha, mwenye nyumba, na hatukumuuliza. Kesho waambie hivyo. Waambie jina lipo, lina mwenyewe, na baba yangu alikuwa anapita na misumari.

Akatuma. Akaingia ndani, akamtolea Ismail bawaba zake, akarudi kukaa. Ismail naye hakuondoka mara moja, alibaki amesimama na mzigo wake kana kwamba yeye ndiye aliyevunja kitu.

Simu ikalia. Mangi akabonyeza, na sauti ya Caroline ikawafikia wote wanne, na Birika wa tano. Safari hii haikuwa ya haraka.

"Bi Sabaha! Baba, mimi nilijifunza kutembea nimeshika ukili wake. Sikujua kama unamkumbuka. Baba... yuko hai?"

Wakamtazama Bunge, kwa mazoea. Bunge akatazama viatu vyake. Kisha Mita akatia mkono mfukoni, akatoa hela ya kahawa ya wote na kuiweka kwenye trei ya Birika. Bunge akatoa yake, akaiweka juu ya ile. Mangi naye akaweka. Birika akazitazama zile hela, akalitazama birika lake tupu, na hakumrudishia mtu.