Mzee Lupakisyo na Ua Jeupe la Vidunda

Tarehe 30 Juni 1954 Mzee Lupakisyo Mwakipesile anastaafu, baada ya kulitumikia Jarida la Mimea hapa Kilosa kwa miaka ishirini na sita. Jarida lenyewe lina umri huohuo. Wamekua pamoja kama mapacha.

Alitoka Rungwe akiwa manamba, kuja kukata mkonge. Siku moja Bwana Mhariri alimkuta amechomeka ua la porini kwenye kofia, akamwuliza limeota wapi. Basi, hakurudi tena shambani. Kazi yake ikawa kutafuta mimea, kuibana kwenye karatasi na kuikausha, ili mchoraji aichore jaridani.

Mwaka mmoja wakati wa masika karatasi zote zilipata unyevu. Mzee akatundika maua juu ya jiko la chai. Yalikauka vizuri, ila ua jeupe la mlima wa Vidunda likatoka na rangi ya chai yenyewe! Likachorwa hivyo, likachapwa hivyo, na wasomaji wa mbali wakaomba mbegu. Ukweli ulipojulikana, wenye jarida wakasema bora lifungwe, nani ataliamini tena?

Mzee akapanda mlima Vidunda, akaung'oa mmea pamoja na udongo wake, akaufunga kwa gunia bichi, akashuka nao kwa miguu hadi Mikumi kungoja lori la katani. Maji yake ya kunywa akaunywesha mmea. Pale barabarani wanawake wakamtania: "Baba, huyo mgonjwa unampeleka hospitali?" Naye akajibu, "Nampeleka barazani, mama. Amesingiziwa."

Ua lilifunguka mezani kwa Mhariri, jeupe kama maziwa. Toleo lililofuata likakiri kosa ukurasa wa kwanza, na wasomaji wakazidi kutuamini. Tangu hapo hatuchapi ua ambalo hakuna kati yetu aliyeliona likiwa hai.

Mmea ule bado upo mlangoni, ndani ya debe. Asubuhi za ukungu, treni ikilia kule stesheni, harufu yake huingia chumbani tunakobandika mimea iliyokauka, mtu akadhani mlima umekuja kututembelea. Binti yangu mchanga hulala chini ya meza, na Mzee hugeuza karatasi polepole asimwamshe.

Debe ametuachia sisi. Ahsante, Mzee wetu. Rungwe ikupokee kwa mvua na ndizi zake, uishi na afya, ucheke na wajukuu. Ua likichanua tena, nitamwinua mtoto alione kwanza. Ndipo tutaandika kwamba ni jeupe.

Mwanvua, chumba cha kubandika