Bendera Iliyopanda Kichwa Chini

Kijiwe chao cha kahawa kilikuwa benchi moja la mbao, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya serikali, na kilikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: saa mbili, mlinzi akipandisha bendera, vikombe huwekwa chini na watu husimama wima. Asubuhi hiyo waliishia kusimama nusu. Bendera ilifika juu, ikajikunjua, ikaonekana iko kichwa chini. Redio, karani mstaafu asiyepitwa na habari, akarudi kukaa. Kamanda, ambaye cheo chake alikipata kwa kulinda ghala miaka miwili, alibaki kainama katikati, hajui asimame au akae.

Fundi cherehani aliikazia bendera macho. Yeye ndiye aliyeletewa bendera ile juzi aibadilishie kamba. Kamba ndefu hushonwa upande wa chini, na mlinzi hupandisha kwa kuifuata hiyo. Fundi alijaribu kukumbuka aliishona upande gani. Akakumbuka: upande wa juu.

— Hii si bahati mbaya, alianza Redio. Bendera ikigeuzwa ujue humo ndani kuna mtu katekwa.

— Nani?

— Sasa si ndicho wanachotuficha.

Kamanda aliona utekaji ni mambo madogo. Kwake yale yalikuwa mapinduzi.

— Mambo haya hufanywa asubuhi asubuhi. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hapo haraka inaingiaje? aliuliza Mama Kahawa huku akimimina.

— Inaingia tu.

Kufikia kikombe cha pili, mapinduzi nayo yalikuwa yamepitwa. Redio aligundua kuwa ule ni mtego: aliyesimama kawaunga mkono waasi, aliyekaa kaidharau nchi, na Kamanda aliyeinama katikati ana makosa yote mawili. Bwana mmoja aliyepita na gazeti akahesabiwa mpelelezi. Baadaye hata Mama Kahawa alishukiwa, kwa sababu leo kahawa yake ilikuwa nzuri kuliko kawaida.

— Mbona unatoka jasho, Fundi? aliuliza Kamanda.

— Kahawa ya moto.

Aliona haya. Kuvuka barabara ni hatua ishirini tu. Lakini nani angeamini kuwa ni kosa la sindano, ikiwa watu anaokunywa nao kila siku wameshafika kwenye uasi? Kila walipoongeza neno, yeye alijiona anaongezewa mwaka wa kifungo. Akaomba kikombe kingine ambacho hakukitaka.

Saa nne akaja mke wa mlinzi, mbio mbio, amevaa ndara zisizofanana. Alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba mumewe amefungiwa chumba cha ndani tangu asubuhi, anaulizwa ametumwa na nani kuitukana bendera. Mzee wa watu alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu.

— Jamani, nyinyi mliiona saa ngapi?

— Saa mbili hiyo hiyo, shemeji, alijibu Redio kwa fahari. Sisi hapa hatupitwi na kitu.

— Na ni nani kati yenu aliyevuka kumwambia mwenzenu aishushe?

Redio aligeuka kuangalia alikopita yule bwana wa gazeti. Kamanda akachungulia ndani ya kikombe chake. Mama Kahawa akafuta birika lisilokuwa na uchafu. Mwanamke yule aliwatazama mmoja mmoja, na alipomfikia Fundi, Fundi akasimama.

— Shemeji, kamba niliishona mimi. Nilikosea juu na chini. Twende nikawaambie.

Akatangulia. Walipofika katikati ya barabara, Redio alimsogelea Kamanda akamnong'oneza:

— Umeona alivyokubali upesi? Katumwa huyo.